Mbuzi Hii Iko Yangu

Polycarpe Nzabandora alizaliwa akapewa jina zuri na babu yake, akabatizwa akaongezewa lingine, na yote mawili akanyang'anywa mchana kweupe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Ungefika Nyamitaba miaka ile ya mwisho ya sitini ukamwulizia Polycarpe, watu wangekutazama tu. Lakini ungemwulizia Papa Mara-Mbili, hata kizee kisichoona kingekuonyesha kwa kidole nyumba yake ilipo. Wengi huisimulia habari hii kwa kucheka. Acha wacheke, mimi sijaona pa kuchekea.

Alikuwa mkulima wa maharagwe, mtu wa misa ya kwanza, mume wa Rosalie mmoja tu. Kosa lake lilikuwa usoni. Nyusi zake nzito zilikutana katikati, na midomo yake ilishuka pembeni, hata akifurahi ungedhani anakunyima kitu. Moyo wake ulikuwa mbali kabisa na uso ule. Alikuwa na mbuzi wa kutosha, na kama ilivyokuwa desturi ya mlima wao, hakuwarundika nyumbani kwake. Aliwagawa kwa majirani wawatunze. Mbuzi akizaa, mtoto mmoja wa mtunzaji, mwingine wa mwenye mbuzi, na nyumba mbili zikawa zimekula.

Desturi hiyo ilikuwa na adabu yake. Siku mwenyewe akimhitaji mnyama wake, kwa msiba au kwa mahari, alisimama nje ya ua akapiga hodi, na mtunzaji ndiye aliyeingia zizini akamtoa mbuzi kwa mkono wake. Mwenye mbuzi hakuvuka ua wa mwenzake kwenda kuvuta kamba. Kufanya hivyo kulikuwa kumvua mtu nguo. Hakuna aliyekumbuka kuona jambo la namna hiyo likifanywa na mtu mwenye akili timamu.

Basi mwaka wa sitini na sita, kiangazi, akatokea Padri Anselme na kamera yake ya kuzungusha kwa mkono. Padri alikuwa na hasira na wakopeshaji waliokuwa wakiwakamua wakulima kabla ya mavuno, wakitoa moja na kudai mbili. Alitaka watu waweke akiba zao katika sanduku la parokia, na mahubiri yalikuwa yameshindwa. Akaamua kutengeneza sinema. Haikuwa sinema ya gharama, maana ilimgharimu pungufu ya mabati ya jiko la misheni. Wachezaji walilipwa chumvi. Polycarpe, aliyechaguliwa kuwa mkopeshaji kwa ajili ya zile nyusi, aliongezewa kofia ya Padri mwenyewe, nyeusi, ya ukingo mpana, na aliipenda kupita kiasi.

Mwishoni mwa hadithi, mkopeshaji alipaswa kumpokonya mjane mbuzi wake wa mwisho. Mjane alichezwa na mjane wa kweli, Mama Emérita, jirani yake Polycarpe wa upande wa chini. Na mbuzi, kwa kuwa Padri hakuwa na pesa ya kununua mwingine, alikuwa yule yule aliyekuwa zizini mwa Emérita, mbuzi wa Polycarpe aliyetunzishwa pale.

"Ingia ndani mwenyewe, ukamate kamba, uvute," Padri akamwambia.

"Mupe," Polycarpe akamwambia Padri, "hapa kwetu hatufanyake vile."

"Njo maana ninataka ufanye. Bantu bakiona vile, batajua ule muntu iko mubaya."

Polycarpe alisita, akageuza kofia mikononi. Mama Emérita ndiye aliyemtoa wasiwasi. "Ingia tu, Papa Polycarpe," alisema akicheka, huku akijipaka kitunguu chini ya macho. "Mbuzi iko yako. Sisi bote tunajua."

Akaingia, akavuta. Mbuzi alikaza miguu, akalia, akaburutwa. Emérita alipiga magoti akalia machozi ya kitunguu mpaka majirani waliokuwa wakitazama wakanyamaza. Padri alikuwa amemfundisha Polycarpe mapema: asitazame mashine, asitazame watu, aende moja kwa moja mpaka pa kona. Akafanya hivyo. Pale konani akageuka, akamrudisha mbuzi zizini, wakanywa pombe ya ndizi wote pamoja na Padri. Mbuzi yule alizaa msimu wa mvua uliofuata, na Emérita akapata mtoto wake kama kawaida. Yangeishia hapo, ningekuwa sina la kusimulia.

Sinema ile haikuwa na sauti. Padri alihitaji mtu wa kusimama pembeni na kipaza sauti aeleze kinachoonekana, na mtu huyo akawa Maurice Muhindo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na duka Masisi. Muhindo alikuwa na lori, alikuwa na mashine ya umeme, alikuwa na ghala la maharagwe ambalo madirisha yake yangezibwa kwa mikeka likawa giza hata mchana, na zaidi ya yote alikuwa na mdomo. Kwa miaka aliuza vitambaa sokoni kwa mdomo ule. Wakapatana na Padri kwamba kiingilio kitakachopatikana, baada ya mafuta ya lori na taabu ya Muhindo, kingeenda kwenye paa la shule.

Walianza Jumapili moja ya mwaka uliofuata, baada ya misa. Mwenye likuta, ile sarafu mpya, alitoa likuta, asiyekuwa nalo alileta yai au kikombe cha maharagwe. Ghala lilijaa nusu. Muhindo alieleza kama Padri alivyomwandikia, maneno ya akiba na ya busara, na watu wakapiga miayo, wakaulizana habari za wagonjwa. Muhindo aliwaona, na moyo wake wa sokoni ukaumia. Ilipofika pale pa mbuzi, akayaacha maneno ya Padri. Akabana pua, akatoa sauti nyembamba ya kiburi, akasema mkopeshaji huyu anaitwa Papa Mara-Mbili, na mjane alipopiga magoti kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, Muhindo akamjibu kwa niaba ya Polycarpe: "Mbuzi hii iko yangu."

Ghala likawaka hasira. Wanawake walisimama. Mzee mmoja alirusha kiatu kikapiga shuka usoni mwa Polycarpe. Jumapili iliyofuata mlango haukufungika, na ile nyingine watu walitoka Rubaya kwa miguu tangu alfajiri. Kila Jumapili Muhindo alitia chumvi zaidi, na kila alipotia chumvi mayai yaliongezeka kwenye kikapu. Akamfanya Mara-Mbili acheke mjane anapolia. Akasema amekwisha kuzika mtu akiwa hai kwa ajili ya deni. Padri alisikia nusu tu ya Kiswahili kile cha haraka, na paa la shule lilikuwa linapanda.

Polycarpe mwenyewe mwanzoni alitembea na kofia yake kichwani, akidhani macho yanayomfuata ni ya heshima. Hapo simtetei, kofia ilikuwa imempanda kichwani kwa namna zote mbili. Alizinduka pale sokoni, alipotandaza maharagwe yake na wanunuzi wakampita. Mama mmoja alisimama akapima kwa macho kikombe chake cha kupimia, akakigeuza kutazama chini yake kama kuna kitu kimebandikwa, akakiweka, akaenda zake. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi. Rosalie, aliyekuwa hajawahi kuulizwa lolote na mtu, aliulizwa kisimani kama ni kweli mumewe hulala na ufunguo chini ya ulimi.

"Kofia hii njo inakuuwa," Rosalie akamwambia. Polycarpe akaitia motoni. Siku ya pili wakasema: Mara-Mbili ameanza kujificha.

Yote hayo angeyavumilia kama si mtoto wake Jean-Bosco. Jean-Bosco alikuwa amependana na Constance, binti wa Léonard wa Rubaya, na vijana wale hawakuwa na mchezo. Wazee walikwisha kuonana, pombe ya kwanza ilikwisha kunywewa, mbuzi wa mahari walikwisha kutajwa. Kisha sinema ikapita Rubaya. Léonard aliitazama akiwa amekaa mbele kabisa, na asubuhi yake akamtuma mshenga kurudisha kibuyu kikiwa kitupu.

"Léonard anasema hawezi kula mbuzi ya machozi," mshenga akaeleza, akitazama pembeni. "Anasema, leo machozi ni ya ule mujane. Kesho ni ya mutoto wake."

"Lakini ile ilikuwa muchezo," Polycarpe akasema. "Ule mujane, muende mumuulize. Anaishi hapa chini."

"Papa, miye pia niliona kwa macho yangu. Uliingia ndani ya ua ya muntu."

Na hapo ndipo penye kiini cha ubaya wote. Wangeweza kusamehe udanganyifu wa deni, wakasema ni hadithi. Lakini kule kuvuka ua na kuvuta kamba walikuona, na jambo ambalo mtu hawezi kulifanya, akionekana analifanya, basi amelifanya. Kwao hapakuwa na kucheza kuvuka ua, kama vile hapakuwa na kucheza kumpiga mama yako. Jean-Bosco hakumlaumu baba yake kwa mdomo. Aliacha kula naye tu, akibeba sahani yake kwenda kukaa nyuma ya nyumba, na hilo lilimchoma Polycarpe kuliko kiatu cha yule mzee.

Akaenda kwa Padri. Akamwomba aieleze sinema mwenyewe, aseme ni mchezo, au aifungie kabatini. Padri alimshika bega akacheka kwa furaha kabisa.

"Polycarpe, hasira yabo njo inaonyesha umecheza muzuri. Sikia. Tunaenda Walikale. Ukuje na sisi. Bakikuona wewe mwenyewe, namna unasema polepole, bataelewa."

Polycarpe aliona mlango umefunguka. Alisafiri juu ya lori la Muhindo, akishuka kutoka kwenye baridi ya malisho mpaka kwenye joto la msitu, na njia nzima alipanga maneno yake. Hakujua kwamba Muhindo alikwisha kutuma habari mbele: safari hii Mara-Mbili mwenyewe anakuja, na kiingilio kimepanda. Walikale ilifurika. Walikuja makarani wa ofisi, walikuja madereva wa njia ya Bukavu na Kisangani, walikuja watu wa msituni na nyama ya kukausha badala ya makuta.

Sinema ilipokwisha, mikeka ikatolewa madirishani, mwanga ukaingia, na Polycarpe akasimama mbele ya shuka. Vikohozi vyote vikakoma. Alikuwa na maneno mengi kichwani, lakini mbele ya macho yale yakamkimbia yote, likabaki moja tu lililokuwa la kweli kupita yote, na ambalo lilitosha kumsafisha kama mtu angelisikiliza.

"Bandugu," akasema, "mbuzi hii iko yangu."

Sina haja ya kueleza kelele zilizofuata. Watu waligaagaa. Madereva walipiga mbao za ukuta kwa ngumi. Kila alipofungua mdomo kuendelea, wakamrudishia neno lile kwa sauti ya puani ya Muhindo, mpaka wakawa wanaliimba. Alijaribu kusema ilikuwa kwa Emérita kwa kutunzwa tu, hakuna aliyesikia. Alisimama pale na ukweli wake mdomoni, na ukweli ule ule ulikuwa ndio uongo wa mtu mwingine. Aliona wazi, huku jasho likimtiririka, kwamba hana sentensi nyingine ya kujitetea nayo, na hiyo moja Muhindo alikwisha kuila.

"Papa, umenishinda," Muhindo akamwambia njiani wakirudi, akimpigapiga goti. "Ukifanya vile kila pahali, tutajenga hata dispensaire ya bagonjwa." Polycarpe alitazama miti.

Hakwenda tena. Lakini mwaka wa sitini na nane sinema ilikwenda bila yeye mbali kuliko lori lingeweza. Padri alikuwa ameipeleka Ulaya kwenye mashindano ya sinema ndogo za misheni, na Jumapili moja akapanda altareni na medali ya shaba mkononi. Akatangaza kwamba wazungu waliokaa kuhukumu waliisifu sana, na zaidi ya yote waliusifu uso wa mkopeshaji. Walisema hawajapata kuona ukatili wa kweli namna ile, na wakauliza Padri aliwezaje kumpata mkopeshaji halisi akubali kupigwa picha. Padri alilisema hilo kama zawadi. Kanisa zima liligeuka kulitazama benchi la Polycarpe, na Rosalie akamshika mkono chini ya kitenge chake.

Watu wa Nyamitaba, majirani zake wenyewe, hata wao wakaanza kusitasita baada ya hapo. Walimfahamu, ndiyo. Lakini wazungu wa huko mbali, wasiokuwa na ugomvi naye, walimtazama usoni wakaona. Na paa la shule lilikuwa linang'aa kilima kizima, na watu wakajiuliza, kama mabati yote yale yametoka kwenye sinema, basi mwenye sinema amebakiwa na kiasi gani. Polycarpe hakuwa amebakiwa na kitu. Hata kofia alikuwa ameichoma.

Ndipo mshenga wa Léonard akarudi, safari hii na uso mkunjufu.

"Léonard amefikiri," akasema. "Mutoto yake analia kila siku. Anasema, sawa, bijana baoane. Lakini muntu wa medali, muntu wa makuta ya Walikale na ya Masisi, hawezi kutoa mbuzi kama muntu wa bure. Anasema utatoa mara mbili."

Mshenga alilitamka neno lenyewe kwa tabasamu dogo, akangoja. Rosalie aliinuka akaingia ndani. Polycarpe alilizungusha jambo lile kichwani akitafuta pa kutokea. Akikataa, ni bahili wa kwenye shuka. Akikubali, amekiri kwamba anazo. Mlango wa mtoto wake ulikuwa umefunguka, na haukuwa na njia nyingine ila kupita humo akiwa amevaa jina lile.

"Mumwambie ndiyo," akasema.

Alipomwomba msaada, Padri alisikitika naye, lakini pesa ya kiingilio ilikuwa juu ya shule, imepigiliwa misumari. Muhindo alijitolea kumkopesha palepale, na alipoulizwa kwa kurudisha namna gani, akakohoa. Polycarpe alimshukuru akaondoka. Hadithi hiyo aliijua mwisho wake kuliko mtu yeyote wa Kivu.

Wakabaki mbuzi wake waliokuwa kwa majirani. Akapita nyumba kwa nyumba, Jean-Bosco akimfuata nyuma kupokea kamba. Kila mahali alisimama nje ya ua, mbali kuliko ilivyohitajika, akapiga hodi, akaomba radhi. Watunzaji walimtolea mbuzi kwa mikono yao kama inavyotakiwa, wengine kwa moyo mzuri, wengine bila kumtazama. Alipofika mwisho, Jean-Bosco akatangulia nyumbani na kundi, na hesabu ilikuwa bado imepungua mbuzi mmoja. Alikuwa amemwacha huyo wa mwisho kwa makusudi, akiomba Mungu asimhitaji.

Ilikuwa siku ya soko. Njia ya kupita mbele ya ua wa Mama Emérita ilikuwa na watu wanaorudi na vikapu. Polycarpe alisimama nje akapiga hodi.

"Karibu, Papa Polycarpe," sauti ya Emérita ikatoka ndani. Labda alikuwa mtu wa mwisho kumwita hivyo. "Nilisikia habari ya Jean-Bosco. Mungu asifiwe. Mbuzi iko kule."

"Unitolee, Mama."

"Siwezi kusimama. Miguu imevimba tangu juzi. Ingia ukamate mwenyewe."

"Nitangoja muntu akuje."

"Nani atakuja? Miye niko peke yangu. Léonard naye anangoja. Ingia, Papa, mbuzi iko yako. Sisi bote tunajua."

Alitazama njia, juu na chini, akitafuta jirani wa kumwomba, na waliokuwa wakipita walikuwa watu wa Rubaya na wa vijiji vya mbali, na tayari mmoja wao alikuwa ameanza kupunguza mwendo. Akafikiri kuondoka. Akamfikiria Jean-Bosco na sahani yake nyuma ya nyumba. Akavuka ua.

Mbuzi, aliyezeeka sasa, hakutaka kutoka. Alikaza miguu, akalia, na Polycarpe akavuta. Emérita alijikokota kwa magoti mpaka mlangoni, maana alitaka tu kuagana na mnyama aliyekaa naye miaka yote ile, na kwa kuwa alikuwa mgonjwa na mpweke, machozi yakamtoka. Kitunguu hakikuwapo.

Polycarpe alipotoka nje ya ua na kamba mkononi, watu walikuwa wamejipanga kando ya njia, vikapu vimeshushwa. Walikuwa wametulia kabisa. Alitambua utulivu ule, ulikuwa ule wa Walikale kabla hajafungua mdomo. Walikuwa wanangoja. Sentensi ilimjia mpaka kwenye meno, ya kweli, fupi, haki yake tupu, na akaimeza.

Ndipo Mama Emérita, akiwa bado amepiga magoti, akifuta macho, akataka kumwokoa. "Musimuangalie vile," akawaambia. "Mbuzi iko yake."

Wakapiga makofi. Hawakuwa na chuki hata kidogo, walikuwa wamefurahi, na mwanamke mmoja aliweka yai kwenye majani karibu na miguu ya Polycarpe, kwa kuwa alikuwa ameona bure jambo ambalo wenzake walililipia.

Polycarpe alilizunguka lile yai. Kisha akafanya kama Padri alivyomfundisha. Hakutazama watu. Alikwenda moja kwa moja, akivuta mbuzi wake, mpaka pa kona, na safari hii hakugeuka.